Mtani Wangu na Maji ya Ghubani

Nina hasira, na naisema mapema ili mtu asije akadhani naificha. Kwetu mwanamke akiwa na hasira huambiwa anywe maji, apoe. Hasira yangu mimi imetoka kwenye hayo hayo maji, sasa sijui ninywe nini.

Lambo ninalolizungumzia liko bondeni, upande wetu wa Naipingo, chini ya mikorosho. Lilichimbwa kwa trekta nikiwa msichana mdogo. Mvua ikalijaza, matete yakaota pembezoni, perege wakapandikizwa, na kambale wakaja wenyewe kwa njia wanazozijua wao. Upande mmoja maji yamejikunja yakaingia ndani ya matete, mahali palipotulia ambapo hata upepo haufiki vizuri. Afisa wa maji alipokuja kutufundisha alipaita ghuba. Tulicheka, kwa sababu sisi ghuba tulizisoma shuleni kwenye ramani, na zote zilikuwa baharini. Lakini jina likaganda. Hadi leo ukimuuliza mtoto anakwenda wapi na ndoo, atakuambia anakwenda ghubani.

Pembeni ya ghuba kuna vishimo vya mchanga ambamo maji hujichuja taratibu. Mama yangu huchota humo. Kipo kisima kirefu pale shuleni, chenye bomba la kusukuma kwa mkono, lakini maji yake yana chumvi. Chai haikolei na maharage yanagoma kuiva. Nilikuwa namletea mama maji ya shuleni kwa madumu, nasukuma baiskeli kupanda kilima, na yeye anangoja nigeuke awamwagie kuku. Siku moja nilimfuma. Aliniambia kwa Kimakua, lugha anayoitumia akitaka mazungumzo yaishe, kwamba hakuvushwa Ruvuma akiwa mgongoni kwa mama yake ili aje huku kunywa chumvi.

Kwa hiyo watu wa semina wakisema mazingira, mimi nasema maji anayokunywa mama yangu. Sina mazingira mengine.

Nilikuwa nimeolewa Narung'ombe, upande wa Ruangwa, nikaishi huko hadi mume wangu alipofariki. Baba naye alipofariki, nilirudi kwa mama na cherehani yangu. Kikundi cha kulinda lambo nilikikuta ndiyo kwanza kinaanza. Ilikuwa kazi ya kujitolea, na neno hilo nalitia mkazo kwa sababu baadaye watu walinipiga nalo: wewe si umejitolea tu, kelele za nini. Tulirudishia matete yaliyong'olewa, tukawazuia watu kulima juu ya tuta, na kila wiki tulipima maji.

Tulipima kwa sahani nyeupe ya bati iliyotobolewa katikati na kufungwa kamba yenye mafundo. Unasimama juu ya gogo linaloingia majini, unashusha sahani polepole, na pale inapopotea machoni unaangalia kamba imezama hadi fundo lipi. Sahani yenyewe ilitoka kabatini kwa mama. Baba alikuwa akilia ugali kwenye sahani hiyo, na mama aliitoa bila kusita. Afisa alitufundisha pia kutazama wanaoishi majini: kerengende juu ya matete, viluwiluwi, konokono, na kusikiliza vyura jioni. Alisema sahani peke yake inaweza kukudanganya. Hilo la mwisho watu walilisahau kabla pikipiki yake haijafika barabara ya Nachingwea.

Fulana zilikuja pia. Waliozivaa zaidi ni wale ambao sikuwahi kuwaona wakilowa miguu.

Tatizo lilikuwa nani amkemee nani. Kumkemea mtu mzima mbele za watu ni kununua ugomvi ambao utaukuta msibani. Mwenyekiti wa kikundi akaja na wazo. Alisema zamu za ulinzi zipangwe kwa utani: ukoo uangaliwe na watani wao. Mtani anaruhusiwa kukwambia lolote. Atakuita mchoyo, atakuita mwizi wa kuku, atasema baba yako alikuwa mwoga wa fisi, na wewe huna ruhusa ya kununa. Basi mtani ndiye awe mlinzi, maana akikukemea hakuna ugomvi. Watu walipiga makofi mpaka vumbi likatimka. Hata mimi niliona hapo tumepata dawa. Sidhani kama kuna watu wengine popote ambao wangeamua kulinda maji yao kwa mizaha, lakini sisi tuliamua hivyo na tukaona fahari.

Mtani niliyepangiwa mimi alikuwa mpuliziaji wa dawa ya mikorosho.

Nimweleze vizuri, maana bila yeye hakuna cha kusimulia. Wao ni wenyeji wa hapa tangu zamani, Waislamu, wana mikorosho mpaka huko Mtua. Sisi tulikuja kutoka ng'ambo ya Ruvuma, Wakristo. Watu wetu walipofiwa kwa mara ya kwanza wakiwa ugenini, ukoo wake ndio uliochimba kaburi, na tangu hapo wao wanatuzika na sisi tunawazika. Baba alipokufa, huyu mtani alichimba kaburi tangu alfajiri. Alipomaliza alivaa koti la baba, akachukua fimbo ya baba, akatembea mbele ya waombolezaji kwa mwendo ule ule wa baba wa kuvuta mguu, akiuliza kwa sauti ya baba kwa nini ugali haujaiva na wanawake wote hawa wamejaa uani. Mama yangu, aliyekuwa hajala wala kusema tangu usiku, alicheka. Alicheka akiwa amekalia mkeka siku ya kumzika mumewe, na baada ya hapo ndipo alipoweza kulia.

Nayasema haya ili ieleweke kwamba simchukii. Ningemchukia ingekuwa rahisi sana.

Basi kazi yake ni kuwapulizia watu mikorosho. Ana mashine ya mota, ile ya kubeba mgongoni, na msimu wa kupulizia unapoanza husikii kitu kingine asubuhi isipokuwa mngurumo wake. Salfa ya unga haihitaji maji, inapeperushwa tu, majani yanageuka manjano na watu wanapiga chafya. Lakini siku hizi wengi wanatumia dawa ya maji, nayo lazima uichanganye, na ukimaliza lazima uoshe mashine, la sivyo inaziba. Maji yako wapi? Ghubani. Wapuliziaji walikuwa wanateremka na chupa zao, wanachanganyia pale pale ukingoni, na jioni wanarudi kuosha mashine. Chupa tupu wanazitupa kwenye matete.

Mara ya kwanza nilipomkuta, alikuwa amesimama majini mpaka magotini, tangi la mashine limefunguliwa, na povu jeupe linaelea kuelekea kwenye vishimo vya mchanga. Wanawake walikuwepo na ndoo zao. Nilimwambia atoke. Nilimwambia pale ndipo watu wanapochota maji ya kunywa, na kwamba hata chupa yenyewe imechorwa fuvu.

"Mtani," akasema bila hata kuinuka, "hawa samaki wenu mmewaleta kutoka Msumbiji na upele. Mimi nawaogesha, badala ya kunishukuru unanifokea."

Wanawake walicheka mpaka mmoja akatua ndoo. Nikasema tena, kwa ukali zaidi. Akawaambia wanawake wanitafutie mume haraka, maana ukali wote huu ni wa kulala peke yangu. Wakacheka zaidi. Ukimkasirikia mtani, kosa linakuwa lako wewe uliyekasirika. Alisuuza mashine yake mpaka mwisho, akanibebea ndoo yangu mpaka juu ya kilima, akaniaga kwa heshima zote.

Hivyo ndivyo ilivyoenda msimu mzima, na si kwangu tu. Kila mlinzi alikuwa na mtani wake, na kila mtani alikuwa na mzaha wake. Kesi hazikufika kwenye kikundi kwa sababu hapakuwa na kesi, kulikuwa na vichekesho. Vilihadithiwa kwenye vikao na vilitumwa kwenye grupu la WhatsApp, na vijana waliviongezea vikatuni. Kikundi chetu kilipendwa sana mwaka ule, na ghuba ilipata msimu mmoja mzima wa sumu.

Nguvu zote za kikundi zilikuwa zimeelekezwa kwa wafugaji. Walikuwa wamefika na ng'ombe zao kutoka mbali, wamepiga kambi ng'ambo ya bonde, na hawakuwa na utani na ukoo wowote wa hapa. Kwa hiyo wao hawakufanyiwa mzaha. Walikemewa, waliitiwa mgambo, na ng'ombe wao walifukuzwa kwa mawe. Sisemi ng'ombe hawaharibu. Wanatibua, wanakunya majini, wanakanyaga tuta. Lakini ng'ombe hafungui kifuniko cha dawa. Mzee mmoja wa wafugaji aliniuliza kwa upole kwa nini yeye anafukuzwa na yule mwenye mashine mgongoni anasalimiwa. Nilimwambia yule ni mtani. Akasema sawa, akawageuza ng'ombe wake. Nilitamani ardhi inimeze.

Wafugaji wakaondoka. Na hapo maji yakaanza kuwa maangavu.

Hili ndilo lililonikera kuliko yote. Kiangazi lambo letu huwa la kijani, zito, sahani inapotea mapema. Mwaka ule sahani ilizama fundo baada ya fundo na bado niliiona, nyeupe, na ule ua mwekundu wa katikati pembeni ya tundu. Ningeweza kuona hata mikwaruzo ya vijiko vya baba. Mwenyekiti alikuja mwenyewe na simu, akapiga picha, akaituma kwenye grupu: maji yamekuwa safi baada ya ng'ombe kuondoka, hongera wanakikundi. Watu walijibu kwa makofi na maua. Afisa wa maji alituandikia kutupongeza, na akauliza vipi viumbe. Hakuna aliyemjibu swali lake isipokuwa mimi, na jibu langu lilifunikwa na maua.

Nilikuwa nimeandika kwamba hakuna viumbe. Kerengende walikuwa wameondoka. Viluwiluwi hawakuwepo mahali ambapo huwa unachota ndoo na wao wamo. Konokono walikuwa maganda matupu. Jioni nilikaa kwenye gogo hadi giza likaingia, na hakuna chura aliyelia. Maji yale yalikuwa maangavu kwa sababu hakuna kilichobaki hai cha kuyatia rangi. Nilimwendea mwenyekiti nyumbani kwake kumweleza. Alinisikiliza huku akibangua korosho, kisha akaniuliza kama ningependa maji machafu. Nikaondoka kabla sijamwambia neno ambalo si la utani.

Nyumbani nilimwambia mama aache kuchota ghubani. Alisema maji hayajawahi kuwa mazuri kama mwaka huu, mpaka sarafu ikidondoka unaiona. Nikamficha ndoo. Akaazima kwa jirani.

Samaki walielea mwezi wa tisa, lambo lilipokuwa limenywea na kubaki robo. Watu waliokwenda kuchota asubuhi walikuta perege wameenea juu ya maji ya ghuba, matumbo juu, wengine bado wanatweta. Nilipofika, nusu ya kitongoji ilikuwa imeshafika na mabeseni. Hawakuwa na huzuni hata kidogo. Walikuwa wanaita ndugu zao waje. Nilisimama kwenye tuta nikawaambia samaki hao wamekufa kwa dawa, wasiwale, na mama mmoja akanijibu kwa upole kabisa kwamba zamani mababu waliwatilia samaki utupa majini wakalewa, wakavuliwa, wakaliwa, na hakuna aliyekufa. Utupa ni majani, nikamwambia, hii ni dawa ya dukani. Akasema dawa ni dawa. Kwa siku mbili kitongoji kilinuka samaki wa kukaanga, na baada ya hapo vyoo vilikuwa na kazi. Kila mtu alikuwa na sababu yake: mafuta mabaya, muhogo mchungu, tumbo la msimu.

Mama hakula. Nilikaa naye jikoni kutwa nzima kuhakikisha. Lakini alikunywa maji, kwa sababu maji ni maji, na siwezi kumlindia mtu mtungi wake mwenyewe saa zote.

Niliomba kikao. Tulikutana kwenye darasa la shule, watu wakabanana kwenye madawati ya watoto. Nilimweka perege mmoja aliyekauka macho juu ya ile sahani nyeupe ya kupimia, nikaiweka mezani mbele ya mwenyekiti. Mwenyekiti alisema huenda ni joto. Mwingine akasema huenda wafugaji walirudi kisirisiri wakatia kitu kwa chuki. Vichwa vikatikisika, maana hilo lilimfaa kila mtu. Nikasimama. Nilisema hakuna mfugaji aliyekuja. Nilisema ni dawa ya mikorosho, inaoshwa ghubani kila siku, wote mnaona, na wanaoosha wamo humu ndani, na wa kwanza wao ni mtani wangu yule pale dirishani.

Kwa mara ya kwanza niliona watu wanatazama chini. Nilidhani tumefika.

Mtani wangu aliinuka taratibu. Alipita katikati ya madawati mpaka mezani, akainama akamtazama yule samaki, akamshika mkia na kumwinua juu watu wote wamwone.

"Nashukuru," akasema. "Tangu asubuhi nawaza leo nitalia ugali na nini, kumbe mtani ameniwekea kitoweo sahanini."

Mtani anaweza kuchukua chakula kwenye sahani ya mtani wake. Ni haki yake, na mwenye sahani anatakiwa acheke. Kicheko kilichozuka pale kiliwatoa watoto kwenye madarasa mengine. Mwenyekiti alijifuta machozi kwa mkono wa fulana, akasema kikao kimeisha vizuri, amani idumu. Watu walitoka wakiwa wameegemeana kwa kicheko. Nilibaki na sahani tupu yenye majimaji ya samaki, na hasira yangu.

Niliiosha ile sahani nyumbani, na nikiwa naisugua ndipo nilipoona kitu ambacho nilipaswa kukiona mapema. Yeye alichukua kilicho changu kwa haki ya utani. Basi na mimi ni mtani.

Asubuhi nilikwenda kwake. Alikuwa uani anakunywa uji na mkewe na majirani wawili, na mashine imewekwa kivulini kwenye kibaraza. Niliwasalimia. Nikaenda moja kwa moja kwenye kibaraza, nikapitisha mikono kwenye mikanda ya mashine, nikaiweka mgongoni.

"Mtani," nikasema, "nimekuja kuchukua changu."

Mkewe alipiga kigelegele. Majirani walishika mbavu. Yeye mwenyewe alicheka sana, na nadhani alicheka kweli. Akaniambia nikawapulizie kuku wa mama. Alidhani nitairudisha mchana. Niliibeba nikapita nayo kitongoji kizima, mabaki ya dawa yakinivujia kwenye kanga na kuniwasha mgongo, na kila nyumba niliyopita watu walicheka. Safari hii kicheko kilikuwa upande wangu, lakini mimi sikucheka. Nikaiingiza chumbani nyuma ya cherehani.

Sikuirudisha mchana, wala kesho yake, wala keshokutwa. Mikorosho iliyochelewa ilikuwa bado inatoa maua na kushambuliwa na wadudu, na watu waliokuwa wamemwahidi kazi walianza kumfuata nyumbani. Hakuweza kunishtaki. Utakwenda kumwambia nani kwamba mtani wako amekuchukulia kitu? Utachekwa mpaka na mgambo. Alituma watu. Alimtuma mkewe na mkungu wa ndizi, nikaupokea kwa shukrani na mashine nikaibakiza ndani. Mwishowe akaja mwenyekiti, amevaa fulana.

"Dada yangu," akasema, "sasa mzaha umezidi. Huyu mtu anategemea ile mashine."

"Kumbe mzaha unaweza kuzidi," nikamwambia.

Akajikung'uta fulana, akaondoka.

Mtani mwenyewe alikuja jua likiwa utosini. Alikuwa ametembea kutoka shamba la Mtua, vumbi limemfika kwenye nyusi, midomo imekauka ikapasuka. Alibisha hodi kawaida, nikiwa nimekaa kwenye cherehani. Alimsalimia mama kwa heshima, akakaa kwenye kigoda mlangoni, na hakusema mzaha wowote. Mama alimtazama, akamtazama tena, akingoja mzaha.

"Dada," akaniambia, "nimekuja kuomba mashine yangu."

Tangu nizaliwe hakuwahi kuniita dada. Nilimwambia mashine ataipata, lakini kuanzia sasa achote maji kwa dumu, akachanganyie dawa huko huko shambani, na achimbe shimo la kuoshea mbali na bonde. Akasema hayo ni maji ya kubeba kilima kizima. Nikamwambia mimi nimebeba ya chumvi kilima hicho hicho. Akasema wengine wote wanaosha pale, nikimzuia yeye nitakuwa nimezuia nini. Alikuwa na haki hapo, na iliniuma. Nikamwambia nitaanza na yule aliye mtani wangu, halafu tutaona.

Akaanza kunibembeleza kwa maelezo. Alisema dawa yenyewe ni kidogo, mfuniko tu. Alisema ikiingia kwenye maji yote yale inapotea nguvu. Samaki ni viumbe dhaifu, wanakufa hata kwa jua. "Mtu haimdhuru, dada. Mimi naishika kila siku, na niko hapa."

Mama hakuwa anafuata maneno. Kiswahili chake ni cha sokoni, hata mtani humwita ntani, na akisikia watu wanazungumza haraka hushika neno moja moja tu. Lakini alijua mgeni ametoka juani. Aliinuka akashika ukuta, akaenda kwenye mtungi, akarudi na kikombe cha bati kimejaa mpaka juu, akampa kwa mikono miwili.

Naye akakipokea kwa mikono miwili. Akakishika. Maji yalikuwa maangavu, unaona mpaka chini ya kikombe. Nilimwona anameza mate. Alikuwa na kiu, kila kitu usoni mwake kilisema kiu, na hakukiinua.

"Kunywa," nikamwambia. "Ni ya ghubani. Si umesema hayamdhuru mtu."

Aliangalia kikombe. Akamwangalia mama. Kisha mdomo wake, uliozoea, ukatoa kile ambacho siku zote hutoa.

"Mtani, unataka kuniua?"

Ilitoka kwa sauti yake ile ile ya mizaha, na yeye mwenyewe aliisikia. Nilimwona akiisikia. Akafunga mdomo na kikombe kikabaki mikononi mwake.

Mama ndiye aliyecheka. Hakuwa ameelewa alichosema, ila sauti aliijua, na kwa sauti ile yeye hucheka. Ndiyo iliyomchekesha siku ya mazishi ya baba. Alicheka mpaka akajishika goti. Halafu, kwa kuwa mgeni ameonekana hana haja na maji, na maji ya ghubani kwake hayamwagwi, alikichukua kikombe mikononi mwa mtani. Niliinuka. Nilinyoosha mkono kupita cherehani, lakini alikuwa ameshalaza kichwa nyuma.

Alikunywa yote. Alijifuta mdomo kwa ncha ya kanga, akamgeukia yule mtu aliyekaa kwenye kigoda chake, macho yakiwa bado na furaha.

"Mbona hucheki, ntani?"